Kibuyu Kilichonyamaza

Mama mkwe wangu hakukanyaga ndani ya nyumba yangu ya fromaji. Ilikuwa hatua chache tu kutoka jikoni kwake, juu ya kilima karibu na Muheto, na mlango wake nilikuwa nauacha wazi makusudi ili moshi utoke na yeye aingie. Moshi ulitoka. Yeye alisimama nje, akaniita, akasema anachotaka, akageuka kurudi kwake. Fromaji, ambayo vitabuni inaitwa jibini, kwake ilikuwa maziwa yaliyotiwa tumbo la ndama aliyechinjwa, na katika ukoo wake maziwa na nyama havikutani. Siku aliyokula nyama hakunywa maziwa, na ukijaribu kumbishia alikuangalia tu mpaka ukachoka wewe.

Mimi ni mtoto wa wakulima. Kwetu maziwa yalikuwa kitu cha kumtafutia mtoto mgonjwa, na chakula kilikuwa kile kilichotoka chini ya jembe. Niliolewa katika familia ya wafugaji nikiwa na mikono ya jembe na diploma ya sekondari ya biochimie, yaani biolojia na kemia, niliyoipata Masisi-Centre, na sikujua ni kipi kati ya hivyo viwili kingenisaidia. Asubuhi yangu ya kwanza pale nilifagia, nikachota maji, nikakiona kibuyu cha maziwa kimeegemea ukuta. Nikakitafutia sabuni. Mama mkwe alikitoa mikononi mwangu taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu mkononi, kisha akanikalisha chini.

Kibuyu kile hakikujua sabuni. Kilisuuzwa kwa maji ya moto, kikafukizwa kwa majani makavu yenye harufu nzuri, kikafunikwa. Na hakikumalizwa hata siku moja. Maziwa yaliyochacha, tunayoita kivuguto, yalimiminwa kwa ajili ya watu wa nyumbani na wageni, lakini chini palibaki kidogo, na juu ya hayo kidogo ndipo maziwa mapya yalipowekwa. Nilimuuliza kwa nini tusimimine yote tukaanza upya. Akanijibu kwa uvumilivu mkubwa, maana alikuwa bado ananionea huruma.

“Ile kidogo ya jana iko inangojea ya leo,” alisema. “Ukiikausha, ya leo itakuta nyumba haina mutu.”

Ile kidogo ya jana aliipata kwa mama yake siku alipoolewa, na mama yake aliipata kwa wake. Katika ukoo wao binti hakuondoka nyumbani na kibuyu kitupu. Aliondoka na kivuguto cha kwao ndani, ili mahali alipokwenda pawe na mtu wa kwao hata kama ni ndani ya kibuyu. Mama mkwe alizaa wavulana peke yake. Alingoja miaka mingi, mpaka mimi nilipomzalia mjukuu wa kike, na tangu siku hiyo kibuyu kile kikawa na mwenyewe. Alimwonyesha mtoto hata kabla shingo yake haijakaza, akamwambia hiki ni chako.

Nikiri kwamba nilianza kukiangalia kibuyu kile kwa macho mengine nilipokumbuka masomo ya shule. Mwalimu wetu wa kemia, mtu mwembamba mwenye koti moja la kijivu, alikuwa akitufundisha asidi za viumbe hai, na alipofika kwenye ile aliyoiita acide lactique sauti yake ilibadilika. Mimi naiita asidi ya maziwa. Alitusimulia kwamba mkemia mmoja wa Ulaya, zamani sana, aliitoa kwa mara ya kwanza katika maziwa yaliyochacha, na kwamba tangu hapo watu hawajaacha kuikuta mahali ambapo hawakuitarajia. Iko katika misuli ya mtu anayepanda mlima na mzigo. Iko katika mboga zilizotiwa chumvi zikafungiwa. Mimi niliyekuwa nimekaa dawati la nyuma nikiwaza chakula cha mchana niliinua kichwa.

Ni asidi yenye adabu. Siki ukifungua chupa inakupiga puani kabla hujaiomba, lakini hii hairuki hewani hovyo. Inakaa ndani ya maji yake na kungoja ulimi. Ikisafishwa sana inakuwa kitu kizito kisicho na rangi, kinachovuta unyevu wa hewa, hivyo ukiiacha wazi inajinywesha yenyewe. Inachanganyika na maji bila ubishi. Na kuna jambo moja ambalo mwalimu alitufundisha kwa mikono yake: aliinua wa kulia na wa kushoto, akatuambia kwamba chembe ya asidi hii nayo ina namna mbili zinazofanana hivyo, kila kitu kile kile, lakini huwezi kulaza moja juu ya nyingine zikalingana. Mwili wetu unatengeneza ya mkono mmoja. Vijidudu vya maziwa, kutegemea ukoo wao, vinaweza kutengeneza ya huu au ya ule. Darasa zima tulikaa tukigeuzageuza mikono yetu, na hakuna aliyecheka.

Viwandani inafanya kazi ambazo mtu asingewaza ukimwonyesha bakuli la kivuguto. Wanaotengeneza ngozi huiloweka kwanza ngozi mbichi katika chokaa ili manyoya yatoke, kisha huitumia asidi hii kuiondoa ile chokaa bila kuichoma ngozi yenyewe. Wanaotengeneza peremende na vinywaji huitia kwa kuwa ukali wake ni mpole. Iko katika mafuta ya kupaka. Iko katika dawa za kung'oa ukoko wa chokaa ndani ya mashine. Wakizifunganisha chembe zake kama shanga hupata plastiki, na pia uzi wa kushonea majeraha ndani ya mwili, uzi ambao baadaye unayeyuka wenyewe na kurudi kuwa asidi ile ile, mwili ukaitumia na kuimaliza. Na ili kuipata yote hiyo hawakamui ng'ombe. Wanachukua sukari ya mahindi au ya miwa, wanaitia katika mapipa makubwa pamoja na vijidudu, wanavitunza joto, wanangoja. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, maana kiwanda kizima pamoja na mapipa yake kilikuwa kinafanya kile alichokuwa akifanya mama mkwe katika kona ya jiko lake, tena yeye bila umeme.

Huyo binti yangu, mwenye kibuyu, alizaliwa hospitalini Mweso, na nusura nisiwepo kusimulia. Damu ilitoka nyingi. Nilipopata fahamu niliona mfuko wa serumu unaning'inia juu yangu, na mama mkwe ameketi kando ya kitanda, mtoto kifuani, akiutazama mfuko ule tone kwa tone kana kwamba akipepesa macho utaacha kutiririka. Aliniuliza ni maji gani hayo wananitia. Nikageuza shingo nikasoma maandishi, na kati ya chumvi nyingine nikaona lactate de sodium. Nikamwambia, kwa sauti niliyokuwa nayo, kwamba ndani kuna chumvi ya ile asidi ya kibuyu chake.

Tulipotoka hospitalini kila mtu wa njiani alisimuliwa kwamba mkwe wake aliokolewa kwa maziwa. Nilijaribu kumweleza kwamba si maziwa, kwamba pale Mweso nilitiwa maji na chumvi mbalimbali na kwamba lactate ile ilitengenezwa kiwandani kwa sukari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha jirani akaja kuona mtoto, naye akamwambia, huyu ni mtoto wa maziwa, mama yake aliokolewa kwa maziwa. Nikaacha kumsahihisha, maana kwa upande fulani alikuwa amenielewa kuliko nilivyojieleza.

Nilipoanza kutengeneza fromaji, mtoto akiwa ameshaanza shule, nilihitaji chachu. Fromaji haianzi na dawa ya tumbo la ndama, kama wengi wanavyodhani. Inaanza na vijidudu vya kivuguto, ambavyo unavitia katika maziwa vuguvugu ili vianze kuyachachua. Asidi ikishaanza kazi, ndipo unatia prezure, hiyo dawa ya tumbo la ndama, na maziwa yanaganda imara. Unakata, maji yanajitenga, unakamua, unatia chumvi, unaweka kwenye mbao. Asidi ndiyo inayofukuza maji, na ndiyo inayozuia vijidudu vibaya visipate pa kukaa. Chachu ikiwa dhaifu, fromaji inavimba na kupasuka, na unawapa nguruwe.

Chachu nzuri kuliko zote nilizowahi kuonja ilikuwa katika kibuyu cha mtu asiyetaka kusikia habari za fromaji. Nilimzunguka kwa maneno wiki nzima. Mwishowe alinipa, kwa sharti. Chachu yake ikae katika bidoni, yaani dumu, yake peke yake, ilishwe maziwa peke yake, na kitakachotolewa humo kwenda kwenye fromaji kisirudi tena. Alichotaka ni kwamba kile kitu cha tumbo la ndama kisimfuate mpaka nyumbani. Nilinung'unika, kwa sababu watengenezaji wengine walichukua maji ya fromaji ya jana wakachachulia ya leo, wakamaliza kazi, na mimi nilikuwa nalisha bidoni kama mtu anayefuga paka. Lakini nilifuata sharti, na fromaji zangu hazikuvimba, na wale wa maji ya jana walikuja kuniomba chachu.

Miaka ikaenda. Binti yangu akakua, akaenda kusomea uuguzi, akampenda muuguzi mwenzake kutoka Walikale. Walikale ni msitu. Kule hakuna malisho, na ng'ombe ukimwona ujue yuko safarini kwenda buchani. Mama mkwe alipopata habari hakukataa, kwa sababu kijana alikuwa na heshima na alijua kupiga magoti katika sala, lakini alianza kukifukiza kibuyu mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika. Alikuwa anakiandaa kwa safari ya mbali.

Kisha milio ya bunduki ikakaribia kilima chetu. Mume wangu alikuwa ametangulia kuwahamishia ng'ombe kwa jamaa zake upande wa pili, na sisi wanawake, mimi, mama mkwe na binti yangu, pamoja na wadogo zake, tukashuka kwa mguu mpaka kambi ya wakimbizi ya Lushebere, karibu na Masisi-Centre. Kila mtu alibeba alichoweza. Mimi nilijifunga mgongoni fromaji changa nilizokuta kwenye mbao, kwa sababu ni chakula kisichomwagika wala kisichohitaji moto. Bidoni ya chachu ilikuwa nzito, nikaiacha. Mama mkwe hakubeba sufuria, hakubeba godoro. Alikifunga kibuyu kifuani ndani ya kitenge, akatembea njia yote mkono wake mmoja ukiwa juu ya kifuniko.

Kambini tulipata sehemu ndogo chini ya bashi, turubai la plastiki. Watoto walikula fromaji kwa viazi vitamu. Yeye alikula viazi. Mume wangu alikuwa akija mara moja moja na chupa ya maziwa, na yote yaliingia kwenye kibuyu, na sisi tulinywa kivuguto kidogo kidogo, lakini ile ya chini haikuguswa. Nilikuwa nikimtazama jioni akiweka sikio lake karibu na kibuyu na kukitikisa polepole, na ningekudanganya nikisema sikumwonea wivu kwa kuwa na kitu hicho.

Wakati huo kipindupindu kilikuwa kinatajwa kila upande. Watu wa usafi walipita wakigawa klorini na kufundisha kuosha vyombo vyote, na kwa hilo siwalaumu, maana walizuia vifo. Jirani yetu wa bashi la kushoto alikuwa mama mwema, mkulima kama mimi, na mama mkwe alikuwa amemsaidia siku mtoto wake alipougua. Alitaka kulipa wema ule. Siku ya Jumapili, sisi tukiwa kwenye misa, alituoshea vyombo vyote. Alipofika kwenye kibuyu akakuta kuna kitu kimechacha chini, harufu ya moshi, ukoko mweusi. Alikimwaga, akakijaza maji ya klorini, akakisugua ndani kwa mchanga na majani mpaka kikatakata, akakianika juani mdomo ukiangalia mbinguni.

Tulikikuta hivyo. Nilitaka kumrukia yule mama, na ulimi wangu ulikuwa umeshatoka nje ya meno. Mama mkwe alinishika kiganja. Alikichukua kibuyu, akainusa ile harufu ya hospitali, akamgeukia jirani aliyekuwa anatabasamu akingoja shukrani, akamwambia asante. Kisha akaingia chini ya bashi, akalala akiangalia upande wa plastiki, na hakula siku hiyo.

Binti yangu alikuwa aolewe mwezi uliofuata. Familia ya mchumba ilikuwa imeshatuma ujumbe kwamba itakuja.

Tulijaribu. Kibuyu tulikifukiza, tukatia maziwa mapya, yakatoka machungu. Tulifukiza tena mpaka klorini ikaisha, lakini ndani hapakuwa na mtu tena, kama alivyokuwa akisema yeye mwenyewe. Niliyaacha maziwa mengine kwenye sufuria yachache yenyewe, maana maziwa hayahitaji ruhusa ya mtu ili yachache. Akaonja, akasema hayamjui na yeye hayajui. Nikamkamulia ndimu katika maziwa ya moto, yakaganda mbele ya macho yake, ili nimwonyeshe kwamba asidi ni asidi. Akaonja kwa ncha ya kidole, akaniuliza kama namwona amekuwa mtoto. Alikuwa na haki. Uchachu ulikuwepo, lakini ulikuwa umekaa tu pale, hauwezi kuchachua kesho. Kilichokuwa kikiishi katika kibuyu si asidi, ni wale wanaoitengeneza, na hao walikuwa wamekwenda na maji ya klorini.

Usiku mmoja usingizi ulinipotea, nikawa naziangalia fromaji zilizobaki. Zilikuwa mbili. Nikakumbuka kwamba katika moyo wa fromaji changa vijidudu vile bado ni hai, vimelala tu kwa chumvi na ubaridi. Vilitoka kwenye bidoni yangu, na bidoni yangu ilitoka kwenye kibuyu chake. Kivuguto cha mama yake, na cha mama wa mama yake, kilikuwa pale kwenye gunia, kati ya viatu vya watoto. Asubuhi nilimwambia kwa furaha kubwa. Nilidhani atanikumbatia.

Alisema hapana. Ile ilikwisha kukutana na tumbo la ndama, na hawezi kumpa mjukuu wake kitu cha mwiko aende nacho katika ndoa, mimba zikiharibika atamwambia nini Mungu. Nikapandisha sauti. Nikamuuliza ndama aliye hai anafanya nini na maziwa ya mama yake akishayanyonya, kama si kuyagandisha katika tumbo lile lile, kwa dawa ile ile. Hajaona ndama akicheua mabonge? Ameona, alisema, ameona kabla mimi sijazaliwa, lakini ndama yule yuko hai. Nikamwambia kwamba basi atampeleka mtoto na kibuyu kikavu. Akasema ndiyo, kikavu, kwa sababu hata hivyo Walikale watakitundika ukutani kama picha. Nililia siku hiyo kwa hasira, na nilijua hasira yake ilikuwa kubwa kuliko yangu.

Wageni wakafika kutoka Walikale, na tukawapokea chini ya bashi. Mama wa mchumba alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye vidole vilivyobabuka kwa maji. Alileta chikwange, mihogo iliyolowekwa, ikatwangwa, ikafungwa katika majani. Mama mkwe, ambaye maisha yake yote aliuita muhogo chakula cha watu wasio na bahati, alipofunguliwa jani la kwanza alisogeza pua. Nilimwona. Ilikuwa harufu ya uchachu ule ule mpole, na mimi nilijua kwa nini, maana muhogo unapokaa majini vijidudu vya ukoo huo huo vinakuja na kutengeneza asidi hiyo hiyo, muhogo unalainika, na sumu yake inapata njia ya kutoka.

Kwa desturi ya ukoo wetu mama wa mchumba huonyeshwa kibuyu ambacho bibi harusi atakuja nacho. Mama mkwe alikitoa, akampa. Yule mama hakuwahi kushika kitu kama kile. Alikigeuza, akakisifu kwa shingo yake nzuri, akafungua kifuniko, akanusa. Akanusa tena.

“Mama,” alisema kwa sauti ya chini, “hii imenyamaza.”

Mama mkwe akamuuliza amejuaje, yeye ambaye hana ng'ombe. Yule mama akaeleza kwamba kwao kila mwanamke ana beseni lake la kuloweka mihogo, na maji ya jana hayamwagwi yote. Yanabakishwa kidogo ili mihogo ya leo ilainike upesi, na beseni likinyamaza mwanamke anajua kwa harufu kabla hajatia mkono. Alipoolewa mama yake alimpa kopo la maji hayo, akasafiri nalo siku nzima msituni.

“Kwetu mutoto mwanamuke hatoke na beseni mukavu,” alisema. “Kama hii imekufa, tuambieni. Tutangojea. Ndoa haikimbie.”

Alisema hivyo bila kejeli, na akakirudisha kibuyu kwa mikono miwili. Maziwa ya poda, aliongeza, yanafika Walikale kwenye kila duka, na kama kitu hicho kinakula maziwa, basi watakilisha. Mama mkwe alikipokea. Niliona midomo yake inatikisika, na sikumbuki kumwona hivyo hata siku ya mazishi ya mume wake.

Wageni walipokwenda kulala kwa jamaa zao Masisi-Centre, mama mkwe alikaa na kibuyu mapajani. Asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, aliniambia nilete ile fromaji. Nikaleta, na sufuria, na maziwa niliyokuwa nimeyachemsha yakapoa. Nilikata katikati ili nipate moyo wake, pale pasipoguswa na chumvi nyingi. Nilipotaka kuusaga katika maziwa, akanizuia, akanyoosha kiganja.

“Nipe kwanza mimi,” alisema. “Kama iko na kitu kibaya, kianzie kwangu. Kisiende kwa mutoto.”

Nikamwekea kipande kwenye kiganja. Mwanamke yule, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi na mitano hakuvuka mlango wa nyumba yangu ya fromaji, alikitia kinywani, akafumba macho, akatafuna polepole sana. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yake na hakujua aweke wapi mikono. Tulingoja. Alimeza, akanywa maji, akafuta mdomo kwa upindo wa kitenge. Akaniambia kwamba chumvi imezidi, kisha akasema tuendelee.

Tulisaga moyo wa fromaji katika maziwa vuguvugu, tukaifunika sufuria kwa blanketi, tukaiweka kati yetu. Yalipochacha tulichukua kidogo, tukayatia katika maziwa mengine, na yale yalipochacha tukachukua kidogo tena, kila mara tukiiacha nyuma fromaji na chumvi yake na dawa yake, mpaka wakabaki wale tuliowatafuta peke yao. Kwa siku hizo mama mkwe hakutoka nje isipokuwa kutafuta majani ya kufukizia. Jirani yetu wa klorini ndiye aliyemwonyesha yanapoota, na walikwenda pamoja. Mwisho alionja. Alishikilia kivuguto kile kinywani kwa muda, na machozi yakamtoka wazi wazi, akasema ni yeye.

Nilifurahi kama mjinga. Nilimwambia binti yangu yote kwa wakati mmoja, ngozi na chokaa, uzi unaoyeyuka, mfuko wa Mweso, mkono wa kulia na wa kushoto, na yeye, muuguzi, anayeijua serumu ile kuliko mimi, aliniacha niseme mpaka nikaishiwa pumzi. Nilikuwa naishangaa asidi hii, na nilikuwa naushangaa ukaidi wa mtu aliyeibeba kifuani kutoka Muheto, na sikuweza kutenganisha kimoja na kingine.

Ndoa ilifungwa katika kanisa dogo la Lushebere. Siku ya kuondoka, pikipiki ilikuwa imeshawashwa kuelekea Walikale, mume mpya amekaa nyuma ya dereva, na binti yangu nyuma yake, kibuyu kimefungwa kifuani kwa kitenge kile kile. Mama mkwe alimsogelea. Alifungua kifuniko, akanusa mara moja ya mwisho, akakifunga, akaweka kiganja juu yake.

“Usiikaushe,” alimwambia. “Na siku ikikauka, usilie. Mama yako anajua fasi ya kuitafuta.”